Hata Petro alikataa kutawadhwa

Wapenzi wasomaji hamjambo. Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya wamama wanaochoka mpaka kuanguka, bas barua zikamiminika, nyingine kwa simu nyingine zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu sana mnisamehe, manake nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa kwanza na simu mkononi nikashindwa kuandika.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne naishi Muyeye hapa Malindi, nimeokoka na niko kwenye chama cha akina mama kanisani, mimi ndio mweka hazina na pia mimi ndio naitwa jikoni kukiwa na msiba ama harusi ama wageni wa kanisa. Naamka saa tisa za usiku nakanda unga wa mahamri, nauza mpaka saa tatu asubuhi alafu narudi namuosha mama mkwe ambaye amepooza upande mmoja huu mwaka wa tatu, mimi ndio namlisha mimi ndio namgeuza. Jioni mazoezi ya kwaya, na kama kuna matanga ndio silali kabisa coz sima ya watu mia mbili haijipiki. Sasa mwezi wa pili nlipimwa presha ikawa 172 kwa 104, dokta akanipa dawa ati za kila siku, nkazinywa kama wiki mbili nkaona niko sawa nkawacha, na pesa ya dawa za mwezi uliofuata nkatoa mchango wa paa la kanisa. Msichana wangu anasomea unesi Mombasa kila akipiga simu ni mama jipende, mama pumzika, mama kataa. Lakini Jumapili tumehubiriwa 2 Timotheo 3 kwamba siku za mwisho watu watakuwa wenye kujipenda wenyewe, nkaskia ni kama mimi naambiwa. Na kupumzika hapa kwetu tunajua ni mambo ya watalii huko mahotelini. Juzi kwenye matanga kule Ganda nliona giza nkashika ukuta, sikumwambia mtu. Swali langu Shangazi, nkianza kusema hapana si ntakuwa nimeacha unyenyekevu? Yesu hakusema nimechoka. Mama J, Muyeye.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla sijafungua Biblia naomba nivae kwanza nguo zangu za unesi nilizozivua nilipostaafu, manake hili la presha haliwezi kungoja tumalize mahubiri. 172 kwa 104 sio namba ya kuweka mfukoni. Presha ikishafika 140 kwa 90 na ikarudia hivyo siku tofauti, hiyo tayari ni ugonjwa, na wewe uko mbali juu ya hapo. Ubaya wa presha haiumi. Unaweza kutembea nayo miaka unauza mahamri unaimba kwaya unacheka na watu, na huku ndani inakwaruza mishipa, figo, moyo na ubongo polepole. Ndio maana ulipojiskia sawa hukuwa umepona, ulikuwa unaskia kazi ya dawa, na ukiacha dawa namba zinarudi pale pale kimya kimya. Na ile giza ukashika ukuta, hiyo usiifiche tena, hiyo ni ya kuambiwa daktari kesho asubuhi. Sio wiki ijayo baada ya harusi ya fulani. Kesho. Na kama kabla ya hapo utaona mdomo unaenda upande, au mkono unakufa ganzi ghafla, au maneno hayatoki vizuri, usingoje kesho hata kama ni saa nane za usiku, panda tuktuk twende hospitali.

Ukifika kliniki kaa kwanza dakika tano bila kuongea kabla hujafungwa ile kamba ya mashine, mgongo uegemee, miguu yote chini, usikunje nne. Wamama wengi wanafika wamekimbia, wametoka kubishana na makanga, wanapimwa hapo hapo. Usiende kuzianza zile dawa za zamani zilizobaki kwenye pakti kwa akili yako, mwambie daktari ukweli kwamba uliwacha na uliwacha lini, yeye ndio ataamua. Na kabla ya kununua duka la dawa uliza kwanza kama zipo kituo cha serikali.

Sasa nikwambie neno moja gumu. Huyo mama mkwe wako unayemuosha, amepooza upande mmoja. Hukuandika sababu, lakini mimi wagonjwa wa namna hiyo nimewageuza kitandani miaka mingi sana na wengi wao ilikuwa ni presha ambayo haikutibiwa. Wewe ukianguka upande mmoja, Mungu apishe mbali, ni nani atawaosha nyinyi wawili?

Haya, tuje kwenye Neno. Ile 2 Timotheo 3 ni kweli imeandikwa, lakini isome usiishie pale kwenye koma. Paulo anasema watakuwa wenye kujipenda wenyewe, wenye kupenda fedha, wenye kujisifu, wenye kiburi, wasio na shukrani, wasiowapenda watu wao. Yani ni mtu ambaye mapenzi yake yote yameingia ndani yakafunga mlango. Sasa niambie mwanangu, huyo ni wewe? Mtu anayeamka saa tisa za usiku na kulala hajui saa ngapi? Mahubiri yale ni ya kweli ila hayakuwa barua yako, wakati mwingine kanisani tunachukua barua ya jirani tunaifungua tunalia nayo. Yako iko kwingine, iko pale Marko 12, mpende jirani yako kama nafsi yako. Bwana ametumia hiyo nafsi yako kuwa kipimo, kama vile dukani tunavyopima unga kwa kibaba. Sasa kama kibaba chenyewe kimetoboka, huo unga unampimia jirani unafika kiasi gani?

Umeandika Yesu hakusema nimechoka. Mwanangu, Yohana 4 inasema wazi kabisa Yesu alikuwa amechoka kwa safari akaketi kisimani, na akaomba maji, tena akamuomba mwanamke Msamaria ambaye Wayahudi walikuwa hawachangamani nao. Na Marko 4, ile dhoruba tunayoiimba kila mara, Biblia yetu inasema alikuwako katika shetri amelala juu ya mto. Shetri ni kule nyuma ya chombo, tezi, wajukuu wa mabaharia mnanielewa. Alikuwa amehubiri mchana kutwa, mwili umechoka, akaweka kichwa kwenye mto akalala fofofo maji yanaingia chomboni. Mimi hiyo aya naipenda sana, manake ni Mungu mwenye mwili wa mtu na ule mwili ameuheshimu, hakuukaripia. Hata Elia, 1 Wafalme 19, alipochoka mpaka akaomba afe chini ya mti wa mretemu, malaika hakuja na mahubiri, alikuja na mkate wa moto na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, ndipo akatembea siku arobaini mpaka mlima Horebu. Chakula na usingizi vilitangulia, maneno na Mungu yakaja baadaye.

Unyenyekevu sio kujifanya huna mwili. Mtu mnyenyekevu anajua yeye ni udongo, na udongo una mipaka yake, unahitaji maji na unahitaji usiku. Ni Mungu peke yake ambaye hasinzii wala halali, Zaburi 121 ndio inasema, na hiyo sifa ni yake, tusimnyang'anye.

Sasa nisikilize vizuri hapa manake hapa ndio kiini na pengine hutapenda. Nimeisoma barua yako nikahesabu, umeandika mimi ndio mara nne. Mimi ndio mweka hazina, mimi ndio naitwa jikoni, mimi ndio namlisha, mimi ndio namgeuza. Mume hujamtaja hata mahali pamoja. Watoto ni wanne, mmoja yuko Mombasa, hao watatu wako wapi mama mkwe akigeuzwa? Nyanya yao huyo, damu yao. Na kwenye chama chenu hakuna hata mwanamke mmoja anayejua kusonga sima ya watu mia mbili? Sikulaumu mwanangu, nauliza tu kwa upendo, je hujawahi kunyang'anya mtu upawa ukamwambia lete hapa wewe hujui? Manake mimi niliwahi. Mara nyingi. Na nilikuwa nadhani ule ndio utumishi.

Musa naye alikuwa hivyo. Amekaa toka asubuhi mpaka jioni anaamua kesi za watu wote, mkwewe Yethro akaja kumtembelea akamtazama siku moja tu akamwambia jambo hili ufanyalo si jema, utachoka wewe na hawa watu pia watachoka, wateue wengine wakusaidie. Na Musa alisikia, Kutoka 18, akateua watu. Na ni huyu huyu Musa ambaye Hesabu 12 inamwita mpole kuliko watu wote duniani. Kwa hiyo kugawa kazi hakukumtoa kwenye unyenyekevu.

Lakini kuna habari inayonigusa kuliko hizo zote, nayo ni ya Petro. Yohana 13. Yesu amevua vazi lake amejifunga kitambaa ameshika bakuli, na Biblia yetu ile ya zamani haikusema anawaosha tu, imesema anawatawadha miguu. Kutawadha, neno lile lile la jirani zetu Waislamu wakienda na birika kabla ya sala, kila mtoto wa pwani analijua. Akafika kwa Petro, Petro akasema wewe hutanitawadha miguu kamwe. Ukiiskia hivi hivi ni unyenyekevu mtupu, si ndio? Bwana wangu anioshe mimi miguu, haiwezekani. Na Yesu hakumsifu hata kidogo, alimjibu kama nisipokutawadha huna shirika nami. Tumezoea kulifundisha hilo fungu upande mmoja tu, kwamba tuoshane miguu, tutumikiane, kila Alhamisi Kuu ni hivyo. Upande wa pili tunaruka. Ili mmoja aoshe lazima mwingine akae kwenye kiti anyooshe mguu wake wenye nyufa mbele ya watu, na hiyo kunyoosha mguu ni ngumu kuliko kushika bakuli. Mimi nimeshika bakuli maisha yangu yote ya kazi. Kunyoosha mguu nilijifunza uzeeni.

Nilifanyiwa opresheni ya tumbo miaka kadhaa iliyopita, nikaambiwa nisiinue kitu kizito wala kuinama wiki sita. Siku ya tatu nyumbani jirani yangu, mama wa Kiislamu tumekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, akaingia na beseni la bluu, maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande na leso safi begani. Nikamwambia hapana dada, mimi nitajifuta mwenyewe, usijisumbue. Mimi! Niliyeosha watu wasio na hesabu, leo nioshwe! Akaweka beseni chini akanitazama akasema, kwani thawabu wataka uzichukue wewe pekeyo, sie wenzio tusipate? Nikakosa la kujibu. Akaninyoosha mguu akaanza kuosha, katikati ya vidole, kisigino na nyufa zake, taratibu kama anaosha mtoto, akafuta na ile leso akahamia mguu wa pili. Nililia, nikasingizia kidonda. Toka siku ile nikisoma Yohana 13 namuona Petro na namjua.

Wewe mwanangu umewanyima watu thawabu. Umemnyima mumeo, umewanyima wale watoto watatu, umewanyima dada zako wa chama, na huyo binti wa Mombasa kila akinyoosha mkono wa simu unamwambia miguu yangu hutanitawadha kamwe.

Halafu kuna mtu mwingine nataka ukutane naye, Francis wa Assisi, mtawa aliyefariki 1226 kule Italia (na hao Waitaliano tunao wengi hapa Malindi). Alijitesa kwa kufunga na kulala chini mpaka akaugua vibaya. Mwili wake alikuwa akiuita Ndugu Punda, kwamba kazi yake ni kubeba mizigo na kupigwa. Lakini inasimuliwa karibu na mwisho wake alikiri kwamba alimkosea huyo ndugu yake punda, akamuomba msamaha. Mtu mtakatifu vile, akaomba msamaha mwili wake. Sisi wa pwani punda hatuhitaji kuelezwa, nenda Lamu uone, mawe ya kujengea, mchanga, mizigo ya sokoni, kila kitu mgongoni kwa punda. Na hao hao punda wa Lamu wana kliniki yao, wakiumia wanapelekwa wanaoshwa vidonda wanatibiwa bure, na mwenye punda akimbebesha kupita kiasi watu wanamsema njiani. Wewe ukimuona mtu anampandishia punda mzigo huku miguu inatetemeka utanyamaza? Bas ile siku ya Ganda ulikuwa wewe ndio punda na wewe ndio mwenye punda.

Kuhusu mchango wa paa, kutoa ni moyo usambe ni utajiri, nakubali kabisa, na moyo wako Mungu ameuona. Lakini 2 Wakorintho 8 Paulo anasema nia ikiwapo mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Pesa ya dawa ulikuwa huna mwanangu, ile ilishakuwa ya dawa. Mweka hazina anajua kuliko mtu yeyote kwamba pesa ya fungu moja haihamishwi kwa fungu lingine kimya kimya. Mwezi ujao toa baada ya dawa, hata ikiwa ni shilingi hamsini.

Kupumzika ni mambo ya watalii, hilo neno limeniuma. Ni kweli mji wetu watu wanapanda ndege kuja kulala chini ya mnazi na sisi ndio tunawapikia, tunawafulia shuka, tunawaletea samaki, mpaka tumeamini usingizi umeumbwa kwa ajili ya wenye pasipoti. Sabato ilipewa watu waliokuwa watumwa Misri, Kumbukumbu la Torati 5 inasema hivyo hivyo, mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, kumbuka ulikuwa mtumwa. Pumziko lilianza kwa mfanyakazi. Hata ng'ombe na punda wametajwa kwenye hiyo amri, kaangalie.

Sasa ufanye nini. Jioni ya leo kaa na mumeo na watoto, uwaambie ile namba na uwaambie habari ya ukuta wa Ganda, usiwafiche. Mtoto mmoja achukue asubuhi ya nyanya mwingine achukue jioni, watamkosea kidogo mwanzoni, watamwaga uji, vumilia usinyang'anye kijiko. Kwenye chama omba wateuliwe wapishi watatu wa zamu, wewe uende uwafundishe vipimo alafu ukae kwenye kiti. Kwenye kiti, sio kusimama nyuma yao. Chumvi punguza, kwa siku nzima mtu mzima asipite kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu na ile ya samaki wa ng'onda na ya viungo vya paketi. Usingizi jaribu ufike masaa saba, kama mahamri lazima saa tisa bas saa mbili usiku uwe umelala, kwaya itaimba bila wewe baadhi ya siku.

Na sikudanganyi kwamba kila wiki itakuwa hivyo. Marko 6 Yesu aliwaambia wanafunzi njoni faragha mkapumzike kidogo, manake watu walikuwa wanakuja wanaenda mpaka nafasi ya kula hakuna, wakapanda chombo wakaenda, na walipofika wakakuta watu wameshatangulia kwa miguu wanawangoja. Pumziko likaharibika. Akawahurumia, akawafundisha, akawalisha elfu tano. Lakini jioni ile ile akawapandisha wanafunzi chomboni, akaaga watu, akapanda mlimani pekee yake kuomba. Msiba ukikukuta siku ya kulala utaenda, sote tutaenda, ila mlima wako uwe unaujua uko wapi.

Niandikie ukishapimwa. Nataka namba.

SWALI: Bwana asifiwe Shangazi. Mimi ni mwalimu niko Mpeketoni, Lamu, naimba solo kwa kwaya yetu. Nikimaliza watu wakinisifu mimi husema hapana, mimi si kitu, nimeimba vibaya leo. Mwalimu wa kwaya amenikasirikia ati huo ni uongo na unachosha watu. Mimi nilifundishwa nyumbani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nifanye aje?

JIBU: Amen. Mwalimu wako yuko sawa. Kama umeimba vizuri na unajua umeimba vizuri, kusema nimeimba vibaya ni uongo hata ukivaa sura ya upole, na mara nyingine (jichunguze) ni njia ya kumfanya mtu akusifu mara ya pili. Warumi 12:3 Paulo anasema mtu asinie makuu kupita ilivyompasa, bali awe na nia ya kiasi. Kiasi kina pande mbili, kupanda juu yake ni kosa na kushuka chini yake pia ni kosa. Na Maria mama wa Yesu, kwenye Luka 1, kwa pumzi moja anasema Mungu ameutazama unyonge wa mjakazi wake na kwamba vizazi vyote wataniita mbarikiwa. Hakusema hapana mimi si kitu. Alikubali jambo kubwa alilofanyiwa na akasema limetoka kwa nani.

Ile methali ya mgema ni nzuri lakini iangalie, mgema hakukosea kwa kusifiwa, alikosea kwa kutia maji. Wewe endelea na mazoezi, tembo lako liwe lile lile. Mtu akikusifu sema ahsante, nimefurahi umebarikiwa. Kisha muulize habari za nyumbani kwake.

SWALI: Shangazi sasa. Mimi kijana wa miaka 24 nafanya kazi hoteli moja Watamu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikituma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi mama na wadogo zangu, sasa kwenye simu nimekuwa nafuatilia hawa watu wa kujitunza, wanasema linda amani yako, kata kila anayekumaliza. Bas nimewacha kutuma miezi mitatu na simu za nyumbani sishiki. Nimepata amani kidogo lakini usiku silali. Mama ni mtu wa maombi hajaniuliza kitu, anatuma tu ujumbe Mungu akulinde mwanangu. Nimekosea ama najitunza?

JIBU: Mwanangu, kwanza ahsante kwa kuuliza, ungeweza kunyamaza.

Ukisoma jibu langu la mama wa Muyeye utaona nimemsukuma apokee. Wewe nitakusukuma kwingine, manake dawa ya mgonjwa mmoja ni sumu ya mwingine. Yeye alijisahau kwa ajili ya watu, wewe umewasahau watu na ukapewa jina zuri la kufunika hilo kosa. Marko 7, Yesu aliwakemea watu waliokuwa wanawaambia wazazi wao, ile mali ambayo ningekusaidia nayo ni Korbani, yani nimeshamtolea Mungu, na kwa neno hilo takatifu wakawaacha baba na mama bila kitu. Leo hatusemi Korbani, tunasema amani yangu. Amani ni kitu kitakatifu kweli, ila usiitumie kufunga mlango mama yako akiwa nje.

Pamoja na hayo sitaki nikuonee. Miezi mitatu mtu hakimbii bila kitu kumkimbiza. Nadhani ulikuwa unatuma mpaka wewe mwenyewe unalala na njaa, ukiulizwa unasema niko sawa, mpaka siku moja ukashindwa na badala ya kusema nimeshindwa ukazima simu. Hapo ndio ulipokosea, hapo kwenye kunyamaza. Wagalatia 6 ina mistari miwili imekaribiana, wa pili unasema mchukuliane mizigo, wa tano unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Yote miwili ni kweli. Ada za wadogo zako ni mzigo wa wengi, na wajomba wapo, na bursari ya wodi ipo iombwe, sio lazima ubebe peke yako. Lakini furushi lako unalo.

Kwa hiyo kaa na karatasi. Andika mshahara, kodi, chakula, nauli ya matatu, akiba hata kama ni kidogo, na mwisho andika kiasi unachoweza kutuma kila mwezi bila kukopa. Kikiwa elfu tatu kiwe elfu tatu. Msimu wa wageni ukiwa mzuri utaongeza, hoteli zikifunga mvua za masika utapunguza, na nyumbani wajue hivyo mapema.

Halafu piga simu. Usitume pesa kwanza ukajificha nyuma ya ujumbe wa M-Pesa, piga simu usikie sauti yake, Jumapili jioni wakishatoka kanisani ni wakati mzuri. Mwambie mama nilishindwa, nikaona haya kukwambia. Alafu kabla hujataja pesa yoyote muulize amekula nini leo, umuache akueleze mpaka amalize.